UZI: Kutambua na kukadiria umri wa vinara vya shaba vya mtindo wa nioklasiki

#1 Mleta mada

Wanajukwaa, salamu. Zimekuwa zikiletwa humu picha nyingi za vinara vya mishumaa vya shaba ya manjano vya mtindo wa nioklasiki, yaani ule wa kuiga sura za Ugiriki na Roma za kale, vyenye kitako cha mraba, shina la umbo la nguzo ya Kirumi na kikombe kinachofanana na mtungi, na swali linaloambatana nazo huwa ni lile lile: je, ni vya karne ya 18? Wengi wetu tumekuwa tukijibu kwa kuangalia umbo peke yake, na hapo ndipo ninapotofautiana nanyi. Umbo hukuambia kwamba kinara hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka fulani. Kimetengenezwa lini hasa, hilo utalipata chini ya kitako, ndani ya shina na katika madini yenyewe, mahali ambapo picha za wauzaji hazifiki.

Hata hivyo tuanze na umbo, kwa kuwa nalo lina kazi yake. Uchimbaji wa miji ya kale ya Kirumi nchini Italia, Herculaneum na Pompeii, ulianza mwaka 1738 kwa wa kwanza na 1748 kwa wa pili, na vitu vilivyofukuliwa huko, pamoja na michoro iliyochapishwa baadaye, viliwafanya wasanifu wa Ulaya waachane polepole na mikunjo na makombe ya mtindo wa rokoko. Msanifu majengo Robert Adam alirejea London kutoka Italia mwaka 1758, na katika miaka ya 1760 mafundi wa fedha wa Uingereza walianza kutengeneza vinara vya umbo la nguzo ya Kikorintho (yenye kichwa cha majani) iliyosimama juu ya kitako cha mraba chenye ngazi. Mafundi wa shaba, ambao wengi wao walikuwa Birmingham, walikuwa na desturi ya kufuata kazi ya fedha miaka michache nyuma yake. Kwa hiyo kinara cha shaba cha Kiingereza chenye nguzo ya mifereji, makoja ya maua yanayoning'inia, vichwa vya kondoo dume pembeni au ukingo wa shanga ndogondogo, nisingekitarajia kabla ya 1765 hivi.

Ufaransa ilitangulia kidogo. Ladha iliyoitwa goût grec, yaani ladha ya Kigiriki, ilijitokeza katikati ya miaka ya 1750, ikakomaa wakati wa Louis XVI, aliyetawala kuanzia 1774 hadi 1792. Kinara cha Kifaransa cha kipindi hicho mara nyingi kina kitako cha duara, na shina lake lenye mifereji ya wima hupungua unene kadiri linavyoshuka, likaishia kwenye taji la majani. Mara nyingi pia kilipakwa dhahabu, na kimenakshiwa kwa patasi baada ya kusubiwa, kiasi kwamba ukikikuza kwa lenzi unaona alama za patasi kwenye kila jani.

Tatizo ni kwamba sura hizo hazikufa pamoja na karne yake. Nchini Uingereza mtindo wa Adam ulifufuliwa kwa nguvu kuanzia miaka ya 1870 hadi Vita Kuu ya Kwanza, na nchini Marekani karne ya 20 ilizalisha nakala nyingi za vinara vya enzi ya ukoloni wa Kiingereza, nyingine zikiwa nzuri sana. Mtu anayetegemea makoja na vichwa vya kondoo atavitupa vyote katika kapu moja la karne ya 18.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji

Ahsante kwa mada, mkuu. Binafsi jambo la kwanza ninalotafuta ni muhuri wa mtengenezaji. Fedha ya Kiingereza ina mihuri inayokupa mji, mwaka na fundi. Kwa nini shaba tusiitendee hivyo hivyo?

#3 Mleta mada

Kwa sababu shaba haikuwa na mfumo huo. Fedha ilipimwa na kugongwa mihuri kwa mujibu wa sheria, na miji ya Birmingham na Sheffield ilipata ofisi zake za upimaji mwaka 1773, lakini kinara cha shaba hakuna aliyelazimika kukipeleka popote. Wapo mafundi wachache wa Birmingham waliogonga majina yao, kama vile George Grove na Joseph Wood, ila kazi zao zinazojulikana ni za katikati ya karne ya 18, zenye kitako cha umbo la petali, kabla mtindo tunaoujadili haujashika. Hata vitabu vya michoro ya bidhaa vilivyotumwa kwa wafanyabiashara, ambavyo mkusanyiko wake mzuri umehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, kwa kawaida vina namba za bidhaa, na mara nyingi bei, bila jina la kiwanda. Mfanyabiashara wa kati hakutaka mteja wake amjue mtengenezaji.

Kwa hiyo nina kanuni ambayo huenda ikawashangaza baadhi yenu: kwenye kinara cha sura hii, alama iliyo wazi mara nyingi hukisogeza mbele katika wakati. Alama ya umbo la almasi yenye herufi na namba kwenye pembe zake ni ya usajili wa michoro ya bidhaa nchini Uingereza, na ilitumika kuanzia 1842 hadi 1883. Herufi ya mwaka ikiwa kwenye pembe ya juu, usajili ni wa kati ya 1842 na 1867. Ikiwa pembe ya kulia, ni wa 1868 hadi 1883. Kuanzia 1884 utakuta herufi Rd zikifuatwa na namba. Neno ENGLAND peke yake huashiria muda baada ya sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyodai bidhaa zinazoingia nchini humo zioneshe zilikotoka, na MADE IN ENGLAND kwa sehemu kubwa ni karne ya 20.

Kuna alama moja ya Kifaransa ambayo wauzaji huipenda mno, nayo ni herufi C yenye taji juu yake. Ilikuwa muhuri wa kodi ya vitu vya shaba na aloi zake, na ilitumika kuanzia 1745 hadi 1749 tu. Ukiikuta kwenye kinara cha mtindo wa Louis XVI, kilichopaswa kuwa cha robo karne baadaye, usifurahi. Ama sehemu yenye muhuri imetoka kwenye kitu kingine, ama muhuri wenyewe ni wa kughushi.

#4 Mchangiaji, fundi wa kusubu

Ninasubu shaba kwa ajira, kwa hiyo naomba niongezee upande wa karakana, maana hapo ndipo ushahidi ulipo.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 mafundi wa Kiingereza walisubu shina katika nusu mbili, kila nusu kama ganda jembamba, kisha wakaziunganisha kwa lehemu ngumu. Shaba ilikuwa ghali, na shina lililo wazi ndani lilipunguza uzito wake bila kupunguza sura. Kuelekea mwisho wa karne hiyo, tuseme kuanzia miaka ya 1770 na 1780, njia ya kusubu shina zima likiwa na kiini cha mchanga katikati ikaanza kuchukua nafasi, na kiini kikishavunjwa na kutolewa, shina linabaki na uwazi bila mshono wowote. Vinara vya nioklasiki vinaangukia hasa katika kipindi cha mpito, hivyo njia zote mbili ni halali kwavyo. Lakini mshono ukiwepo ni ushahidi mzito wa karne ya 18, kwa kuwa waigaji wa baadaye hawakuwa na sababu ya kujisumbua namna hiyo.

Namna ya kuutafuta: pumua juu ya shina kama unayesafisha miwani, na kwa sekunde chache unyevu utaonesha mstari mwembamba ukishuka pande mbili zinazotazamana. Kwenye shina lenye mifereji usiutafute juu ya matuta, utafute kwenye kina cha mfereji, kwa kuwa fundi mwerevu aliuficha humo. Kisha fungua kitako, ingiza kurunzi ndogo na uangalie ndani. Nusu mbili huacha mistari miwili iliyonyooka, na mara nyingine matone ya lehemu yaliyovuja. Kiini huacha ukuta wenye chembechembe pande zote.

Tahadhari moja. Kila kalibu ya mchanga ina pande mbili, na pale zinapokutana hubaki mstari unaopigwa tupa baadaye. Mstari huo uko juu ya ngozi tu, hauna tofauti ya rangi, na ndani hauonekani. Nimeona watu wakiuita mshono na kuuza kinara cha juzi kwa bei ya mwaka 1770.

Jambo la pili ni kupungua kwa shaba inapopoa. Inayeyuka na kumiminwa, na ikiganda hupungua kwa takriban asilimia 1.5. Mtengenezaji wa asili aliliweka hilo akilini alipochonga kielelezo chake cha mbao au cha metali. Lakini anayechukua kinara cha kale na kukikandamiza mchangani ili apate nakala, nakala yake itakuwa ndogo kuliko mama yake, na shanga za ukingoni zitapoteza ukali wake, zikawa kama zimefunikwa na ngozi nyembamba. Kwenye kinara cha sentimita 28 upungufu ni kama milimita 4. Hauonekani kwa macho, ila rula ya chuma inauona.

#5 Mchangiaji

Fundi, ahsante sana kwa somo. Naomba mnisaidie kwenye skrubu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kinara ambacho shina lake linafungwa kwa hesi (mikato ya mzunguko kama ya skrubu) kwenye kitako ni cha karne ya 19, na kile kilichopigwa ribiti ni cha karne ya 18. Je, ni kweli?

#6 Mleta mada

Ni kanuni rahisi mno kiasi cha kutokutosha. Vinara vingi vya Kiingereza vya karne ya 18 kweli vimeunganishwa kwa ncha ya shina iliyopitishwa kwenye tundu la kitako na kugongwa hadi ikatanuka, lakini hesi nazo zilitumika katika karne hiyo hiyo, Ufaransa ikiwa mfano wa wazi. Swali lenye faida ni hesi zenyewe zimekatwaje. Joseph Whitworth alipendekeza kipimo cha pamoja cha hesi nchini Uingereza mwaka 1841. Kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na vifaa vyake, na hesi za zamani mara nyingi hazina kina sawa, vilele vyake ni vya mviringo, na zinaanza na kuisha bila mpangilio. Hesi kali, zenye nafasi zinazolingana kabisa, zinazoingia laini tangu mzunguko wa kwanza, hunipa mashaka.

Kutokana na kutolingana huko, shina la kinara kimoja halikukaa sawasawa kwenye kitako cha mwenzake. Ndiyo maana fundi aliweka alama za kulinganisha, kwa mfano mkato mmoja wa tupa kwenye shina na mmoja chini ya kitako chake, kisha miwili kwa kinara cha pili. Ni vijialama vinyonge ambavyo hakuna mnunuzi aliyetarajiwa kuviona. Ninavithamini kuliko muhuri wowote, maana mtu anayeghushi hufikiria zaidi kile ambacho mteja atakiangalia.

Na sasa tugeuze kitako. Fundi wa karne ya 18 alisafisha upande wa chini. Kwenye kitako cha duara utakuta duara ndani ya duara zilizoachwa na kerezo. Kitako cha mraba hakikerezeki chote kwa urahisi, kwa hiyo kwa kawaida utakuta mikwaruzo ya kukwangua na tupa. Kwenye kazi nyingi za enzi ya Malkia Victoria wa Uingereza (1837–1901) na za baadaye, upande huo uliachwa kama ulivyotoka kalibuni, na chembe za mchanga bado zinasomeka juu yake. Nikiruhusiwa kuona sehemu moja tu ya kinara, nitachagua hii.

Kingo zinazogusa meza nazo ziangaliwe. Miaka 200 ya kusukumwa juu ya mbao na mawe huacha mikwaruzo inayokwenda kila upande, mizito kwa myepesi, na pembe za mraba hulika bila usawa. Msasa huacha mistari sambamba.

#7 Mchangiaji

Mbona mnajichosha? Wanunuzi wa vyuma chakavu siku hizi wana mashine ya mkononi ya eksirei inayosoma madini kwa sekunde chache. Pimeni, mjue mwaka.

#8 Mleta mada

Mashine inasoma madini, ndugu yangu, haisomi mwaka. Lakini umeleta hoja nzuri, kwa kuwa namna ya kutengeneza shaba ya manjano ilibadilika katika kipindi hiki hiki.

Kwa karne nyingi Ulaya haikuchanganya shaba nyekundu na zinki moja kwa moja. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1085, kwa hiyo ukijaribu kuitoa zinki kwenye mawe yake katika tanuri la kawaida, inapaa kama mvuke. Mafundi walisaga kalamini, yaani mawe yenye zinki, wakayachanganya na mkaa na vipande vya shaba nyekundu ndani ya chungu kilichozibwa, na mvuke wa zinki ukajipenyeza ndani ya shaba kabla haujatoroka. Njia hiyo ina ukomo wake: asilimia 28 hivi ya zinki, na kwa shaba iliyovunjwa chembechembe, karibu 33. William Champion wa Bristol alipata hataza ya kuyeyusha zinki mwaka 1738, na James Emerson akapata ya kutengeneza shaba ya manjano kwa kuchanganya zinki yenyewe mwaka 1781. Njia mpya ilienea taratibu, na ya kalamini iliendelea kutumika hadi katikati ya karne ya 19.

Tafsiri yake kwa anayepima ni hii. Zinki ikizidi asilimia 33 kwa uwazi, kinara hakikutoka kwenye chungu cha kalamini, na tarehe ya kabla ya miaka ya 1780 inakuwa ngumu mno kuitetea. Zinki ikiwa chini ya hapo, hakuna kilichothibitishwa, kwa sababu mtu yeyote wa leo anaweza kuchanganya asilimia 25. Inayosaidia zaidi ni ile takataka ya ndani: shaba ya zamani ina risasi, bati, chuma, nikeli na aseniki kwa viwango vya kubahatisha, wakati zinki inayosafishwa kwa umeme, iliyoanza kuzalishwa kwa wingi katika miaka ya 1910, pamoja na shaba nyekundu iliyosafishwa vivyo hivyo, hutoa mchanganyiko msafi mno kwa mwaka 1775.

Tena mashine hiyo inasoma ngozi ya juu tu. Kinara kilichosuguliwa kwa tindikali vizazi vitatu kimepoteza zinki usoni mwake, na kitajisingizia ukale. Pimeni chini ya kitako, mahali palipokwanguliwa kidogo, na mpime shina na kitako kila kimoja peke yake.

#9 Mchangiaji

Hapo kwenye tindikali umenigusa. Sisi watu wa Pwani masinia ya shaba tumeyasugua kwa ndimu, ukwaju na majivu tangu enzi za mabibi zetu. Je, vinara visiguswe kabisa?

#10 Mleta mada

Sinia la kupakulia wali lina maisha yake, na mabibi hawakukosea. Kinara unachotaka kujua umri wake ni jambo jingine. Tindikali ya ndimu huondoa zinki ikaacha madoa ya waridi, ambayo ni shaba nyekundu iliyobaki peke yake, na madoa hayo hayarudi kuwa ya manjano isipokuwa kwa kukwangua. Amonia ni mbaya zaidi kwenye kazi za bamba lililokunjwa au kubanwa, kwa kuwa huipasua shaba yenye mkazo ndani yake. Jeshi la Uingereza nchini India lilishuhudia maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yakipasuka msimu wa mvua kwa sababu hiyo.

Kuna sababu nyingine ya kutulia. Vinara vingi vya shaba vya mtindo huu havikukusudiwa kuonekana vya manjano. Vilipakwa fedha juu, ili mtu asiye na uwezo wa kununua fedha aweke mezani kitu kinachofanana nayo, na mng'arisho wa miaka mingi umeiondoa. Mabaki yake huonekana kama utando wa kijivu kati ya shanga na kwenye mizizi ya majani. Wengi huudhani uchafu, wakautoa kwa mswaki, na pamoja nao wakatoa ushahidi. Kwa vile vya dhahabu, dhahabu ya zebaki, yaani iliyopakwa ikiwa imechanganywa na zebaki kisha ikachomwa, ni nene na ina kina kisicholingana, wakati ile ya umeme, iliyoenea baada ya hataza ya Elkington ya Birmingham ya mwaka 1840, imetanda sawasawa zaidi.

#11 Mchangiaji

Nina jozi mkononi, nimeipima kwa kufuata yaliyosemwa humu. Cha kwanza kina urefu wa milimita 285, kitako cha mraba cha milimita 115, mistari miwili ndani ya shina, kitako kimekwanguliwa chini, na kuna mkato mmoja wa tupa kwenye shina na mmoja kwenye kitako. Cha pili kina urefu wa milimita 281, kitako milimita 113, hakina mistari ndani, chini yake kuna chembe za mchanga, na hesi zake ni laini sana. Sura ni ile ile, hadi idadi ya shanga. Aliyeniuzia alisema tofauti ya urefu inatokana na namna shina lilivyokazwa.

#12 Fundi wa kusubu

Kukaza skrubu kunaweza kubadilisha urefu. Hakuwezi kubadilisha upana wa kitako. Upungufu wako ni asilimia 1.4 kwa urefu na karibu 1.7 kwa upana, ambao ndio ule ule wa shaba kupoa. Cha pili kimezaliwa na cha kwanza. Angalia shanga zake kwa lenzi, hasa kwenye pembe za kitako, nadhani utakuta zimevimba na kugusana.

#13 Mleta mada

Nakubaliana na fundi. Cha kwanza ningekiandika kuwa cha Kiingereza, huenda Birmingham, kati ya 1765 na 1785, kwa sababu sura inaweka mpaka wa nyuma na mshono unaweka ule wa mbele. Cha pili ni nakala iliyotengenezwa ili kukamilisha jozi, na kwa hesi hizo siiweki kabla ya katikati ya karne ya 19. Kipime kwa mashine kwanza kabla hujasema zaidi ya hapo. Ukiamua kuviuza, viuze pamoja kama vilivyokuja, lakini uandike kila kimoja na tarehe yake, na mkato mmoja wa tupa uuoneshe kwenye picha: unaashiria kwamba mahali fulani kulikuwa na kinara chenye mikato miwili.